Hodi ya Tatu

Mize alisimama nje ya chumba cha mama yake katika nyumba ya wazee, amekumbatia chupa ya uji. Alikwishapiga hodi mara mbili na hakuna aliyeitikia.

"Wewe ingia tu, dada," mhudumu alimwambia akipita na ndoo. "Mlango hauna kufuli huo."

Hicho ndicho kilichomtisha Mize. Watu waliingia humo wakamwogesha mama, wakamlisha, wakatoka, na hakuna aliyebisha. Na mama huyo ni Bi Mwanakombo yule yule aliyemfundisha adabu kwa kumsokota sikio: piga hodi tatu, usipoitikiwa geuka urudi, mwenye nyumba hataki mtu. Na tangu amlete hapa, masika yote, Mize hakuwahi kurudi kumwona. Kama mama hamtaki, ana haki.

Ilibaki hodi moja.

Ndani, nyayo zilijiburuza sakafuni. Zikaja mpaka mlangoni, zikakoma. Mize akasikia pumzi upande wa pili wa ubao, za haraka haraka, kama za mtoto aliyejificha. Akafumbua kinywa aitoe ile ya mwisho.

Akatanguliwa.

"Hodi," mama yake alisema kutoka ndani, kwa sauti ndogo ya mtu aliyefika ugenini. "Hodi wenyewe?"

Kitasa kikazunguka kidogo, kikatulia, kikingoja kukaribishwa.