Kimya cha Juani

Kwa mara ya tatu, na kwa heshima zote, Shehe Iddi alikiuliza kisanduku cheusi kama kimeridhika kuolewa na Tofiki.

Kisanduku kikakoroma kidogo, kikanyamaza.

Mguu wa shehe ulikuwa umevimba, asingeweza kuvuka kutoka kisiwa cha Chole kwenda kisiwa cha Juani aliko bibi harusi. Mnara wa simu nao ulikuwa umezimika. Ndipo Tofiki, bwana harusi na mwanachama mashuhuri wa klabu ya redio za ridhaa yenye wanachama watatu, alipoapa kwamba idhini ya Husna itafika kwa mtandao wao wa redio.

Sasa alikuwa amepiga magoti na kanzu yake mpya, kompyuta juu ya mkeka, ubavuni mwa sinia la halwa.

"Maneno yetu yanafika," alitangaza. "Yanapita lango la Kilindoni, yanaingia lango la Juani. Jibu ndilo halina njia ya kurudi. Njia imepotea kule kule."

"Itapoteaje?" akauliza Mzee Abeid, babake Husna. "Mtambo wa Juani kausimika binti yangu mwenyewe. Asubuhi nimeongea naye, sauti kama yuko hapa barazani."

Shehe akaitupia halwa jicho. "Wanangu, mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Yatosha. Tofiki, lete mkono."

Wajomba wakashusha pumzi, wakasogelea sinia.

Tofiki hakutoa mkono. "Uniwie radhi, shehe. Hiki si kimya cha mwari. Ni kimya cha mashine."

"Mke unamtaka, humtaki?"

"Namtaka. Ndiyo maana nataka kumsikia."

"Kijana," Mzee Abeid akasema taratibu, "ukiivunja shughuli hii mbele za watu, binti yangu humpati tena."

Tofiki akamtazama mkwewe. Akaitazama kompyuta. Kisha akaiacha hapo, maikrofoni ya redio ikiwa wazi mkekani, akapandisha kanzu mpaka magotini. Maji yalikuwa yamekupwa. Kati yake na Juani palibaki tope na mikoko.

"Nakwenda kumuuliza mwenyewe," akasema, akatoka.

"Subhanallah!" mjomba mmoja akapiga ukelele mlangoni. "Kaingia topeni na kanzu ya harusi! Tope la kiunoni, naye hageuki!"

Ukelele huo ulifika Juani safi kabisa, ukajaa chumba cha bibi harusi. Husna, mikono yote miwili imefungwa hina mpaka kwenye viwiko, alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani.

"Haya, somo," akasema. "Kimya hakikumtosha. Irudishe njia."

Bimkubwa, somo wake aliyemfunda, akavaa miwani, akaivuta kompyuta, akaiandika upya njia ya kwenda Chole, kwa kidole kile kile alichoifutia mchana ule.