Mgongo wa Mvula

Jumatatu iliyopita vivimbe vilikuwa kumi. Leo Bizimana alipitisha kidole kwenye mgongo wa Mvula, akahesabu ishirini, vidogo, vigumu, vimejipanga mstari. Farasi alitetemeka ngozi nzima, akarusha teke lililopasua ndoo.

Bosi alikuwa mlangoni mwa banda, anatazama. Wiki iliyopita Mvula alimtupa binti wa bosi, akamvunja bega. Bizimana mwenyewe alishaangushwa mara mbili: mara ya kwanza Mvula aliposhtushwa na honi ya lori, mara ya pili bila sababu yoyote.

"Ijumaa," bosi alisema. "Ukipata kinachomuuma, sharp, anabaki. Usipokipata, daktari atamchoma sindano ya mwisho."

Bizimana alitoka Burundi mikono mitupu, na kwa miaka minne ya Durban hakuna aliyefurahi kumwona asubuhi isipokuwa mkewe, binti yake na farasi huyu. Alimpenda Mvula. Hakuona haya kulisema, hata mbele ya Cédric, Mkongomani waliyefanya naye kazi, ambaye alimcheka kila siku.

Daktari wa mifugo alikuwa amesema huenda ni wadudu. Basi Bizimana akawatangazia wadudu vita. Alichoma majani yote ya kulalia farasi, akapulizia dawa kuta, tandiko, mikanda, hata buti zake.

"Eish, grand, utamaliza sisi, wadudu wabakie," Cédric alisema huku anakohoa.

Blanketi la chini ya tandiko tu ndilo lililosalimika. Mashine ya kufulia ya bandani ilikufa tangu Pasaka, na tangu hapo kila Jumamosi blanketi lile nene lilikwenda Umbilo, kwenye chumba chao, likafuliwa na Ninahazwe, mkewe, kwa mikono yake, likarudi linanukia sabuni. Hakuona sababu ya kulitia sumu.

Jumatano jioni Ninahazwe alimkanda kiuno kwa maji ya moto.

"Papa Inès, achana na ile kazi. Ile nyama inayokuangusha itakuua."

"Mvula hana ubaya. Iko kitu kinamuuma, na mimi sikioni."

Ninahazwe aliishika rozari yake shingoni, ile ya mawe meusi madogo kama choroko, aliyoachiwa na mama yake. Zamani ilimfika tumboni.

"Imekuwa fupi," Bizimana alisema.

"Ilikatika kwenye taxi. Mawe mengine sikuyaona tena."

Alhamisi Bizimana aliazima tandiko jingine, jipya, laini kuliko lile la zamani. Akatandika blanketi, akaweka tandiko juu yake, akakaza mkanda polepole huku anamsemesha. Alipopanda tu, Mvula alilia kwa sauti ambayo Bizimana hakuwahi kuisikia kwa farasi. Alishuka upesi. Cédric, safari hii, hakucheka.

Ijumaa saa nne asubuhi daktari alifika na sanduku lake. Bosi alitaka Cédric ndiye ashike kamba, lakini Bizimana alikataa. Alimshika kichwa mwenyewe. Mvula aliegemeza pua kifuani kwake, kama afanyavyo akitafuta karoti mfukoni, na alikuwa bado anaitafuta sindano ilipoingia. Bizimana alilia mbele ya watu wote, na hakujifuta.

Aliondoka na blanketi tu. Bosi alisema alichukue, halina kazi tena.

Nyumbani alimkuta Ninahazwe anachambua majani ya lengalenga. Aliliweka blanketi mezani.

"Wamemuua," alisema. "Nimetafuta kila mahali, Mama Inès. Sikukipata."

"Pole. Pole sana." Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akamshika shavu, akamtazama mume wake mzima, hajavunjika mfupa, na macho yake yakajaa machozi. "Lakini wewe umerudi. Mama Maria amenisikia."

Akalivuta blanketi magotini, akatafuta mshono wa katikati, akang'ata uzi. Jiwe dogo jeusi lilidondoka kwenye sahani. Likafuata la pili, na la tatu.

"Kila alipokuangusha," alisema, akiyahesabu taratibu, "niliongeza kumi."