Mtambo wa Marehemu Asa

Mtambo ulitoka ndani ya soksi ya mwanamume. Mwanamke aliyeuleta aliuweka mezani taratibu, akaikunja soksi, kisha akageuka kutazama mlangoni.

"Mzee Combs, wamenielekeza kwako," alisema. "Huu ni mtambo wa kufyatulia wa gumegume, ile bunduki ya kizamani ya jiwe la cheche, ya marehemu mume wangu, Asa Sizemore. Asa aliapa kwamba mtambo huu ni mzima. Mwanangu Royce anasema ni mbovu, bunduki nzima anataka kuitupa mtoni. Mmoja wao amenidanganya, na mimi silali mpaka nijue ni nani."

Alvah Combs alishusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa zimamoto, katikati ya harufu ya kahawa na maharage, na wapenda gumegume wa vilima vya Kentucky walikuwa wakimpangia foleni awaambie mtambo upi unafaa na upi haufai. Leo tena wamemletea ugomvi wa mirathi. Alivizoea visa vya namna hiyo, baba hajaoza kaburini na watoto wanakitukana kila alichokipenda.

Aliuchukua mtambo bila hata kuvaa miwani. Aina hii aliijua vizuri mno. Ilikuwa mitambo ya kuiga, iliyofyatuliwa viwandani miaka ya sabini kwa ajili ya watu waliotaka bunduki za mababu zao bila jasho la mababu zao. Chuma chake laini, springi zimelegea. Kuichamba mitambo hiyo mbele ya watu ilikuwa starehe yake.

"Takataka, mama. Mwanao kasema kweli. Huu weka uzuie mlango usipigwe na upepo."

Wa meza ya jirani waliangua kicheko. Bi Sizemore hakucheka, ila uso wake ulikunjuka, mabega yakashuka, akajishika kifuani kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mungu akubariki, mzee. Mungu akubariki sana." Mkono ulikuwa tayari unaufuata mtambo.

Laiti Alvah angemwacha aende zake. Lakini kidole chake kilikuwa kimepita juu ya ncha ya skrubu, akaikuta imeviringishwa na kusuguliwa kwa mkono. Kiwanda hakina subira ya namna ile.

"Hebu ngoja kidogo."

"Si umeshasema?"

"Nimesema, mama, lakini hapa pana mkono wa mtu. Ngoja nifungue."

Alivaa miwani, akafungua. Kilichokuwamo kilimfanya asahau foleni. Asa Sizemore alikuwa ameung'oa utumbo wote wa kiwandani na kuuchonga upya, kipande kwa kipande, akavichoma motoni mpaka chuma kikaiva rangi ya majani makavu. Hapakuwa na kilichosuguana vibaya wala kilicholegea.

"Njooni muone!" aliwaita wa meza ya jirani. Kisha akamgeukia mjane kwa furaha ya mtu mwenye habari njema. "Unamwona huyu anayebana jiwe? Sisi tunamwita jogoo. Akivutwa nusu, anashikwa na jino hili, na hivyo ndivyo mtu anavyotembea na bunduki iliyoshindiliwa bila wasiwasi. Mitambo ya miaka ile jino hulika, jogoo akaanguka na bunduki ikalia wakati mtu hajagusa kitu. Sasa mtazame huyu."

Alimvuta jogoo nusu, akamsukuma kwa dole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Jogoo hakutikisika. Akachukua nyundo ya mbao, akaugonga mtambo ubavuni.

"Gonga tena," Bi Sizemore alisema kwa sauti ndogo.

Akagonga.

"Kwa nguvu, mzee. Tafadhali."

Aligonga mpaka vikombe vya kahawa vikaruka. Jogoo alikuwa palepale. Mwisho Alvah akamvuta mpaka nyuma na kumwachia, cheche zikamwagika mezani, wazee wakapiga makofi.

"Mumeo alikuwa fundi, mama. Mkweli ni yeye. Huyo mwanao usimsikilize, vijana wa siku hizi kitu kisipokuwa na betri wanasema kibovu."

Mama wa watu alikuwa amekaa chini bila kukaribishwa. Rangi ilikuwa imemtoka, na kwa mara ya kwanza Alvah aliona jinsi alivyokonda.

"Huwezi kuwa umekosea? Mwanzo ulikosea."

"Mwanzo nilikuwa na kiburi. Sasa nina miwani."

"Basi uharibu. Hilo jino, lipige tupa kidogo tu."

Alvah alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mama, kazi kama hii naiharibuje? Nitamtazamaje Asa ahera? Na wewe utafaidika nini?"

Bi Sizemore alimpokonya. Aliurudisha mtambo ndani ya soksi. Mlangoni alikuwa ameingia kijana mrefu mwenye koti la kazi, kofia mkononi, anawasalimu wazee kwa adabu huku macho yakitafuta meza kwa meza.

"Ndiye Royce huyo," mama alinong'ona. "Sina mwingine duniani."

Alimshika Alvah mkono wa shati, akamvuta karibu. "Akikuuliza, mwambie ni mbovu. Mwambie ulijifyatukia wenyewe, kama alivyomwambia sherifu wa polisi siku ile tulipomwokota baba yake amekufa kwenye lango la ng'ombe."