Mche wa Sabuni

Jumamosi ile Egidius aliporudi safari, sabuni ya mkewe ilikuwa imebaki kipande kisichozidi kidole. Wiki moja tu! Kabla ya kupanda lori la ushirika alikuwa ameukata mche katikati, nusu akampa mke, nusu akampa mama yake.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Sabuni ilikuwa ya mgao, mche mmoja kwa kaya kwa mwezi, na aliyeuza ya kwake kwa magendo aliozea ndani.

"Unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu, Baba Paskasi," Katarina alijibu. "Maji ya kisima chako yanaila. Nasugua mpaka nachubuka, povu halitoki."

Kisima! Miezi miwili alichimba ua kwa mikono yake, mke asihangaike na ndoo hadi ziwani, leo kisima ndicho mwizi! Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Mama yake, Philomena, alikuwa mlangoni amempakata mjukuu.

"Mama, na yako imeliwa?"

Bibi akafungua fundo la khanga. Kipande chake kilikuwa karibu kizima.

"Mama, mwambie basi!" Katarina akamsihi.

"Nimwambie nini, binti yangu? Maji ni maji." Akamgeukia mwanawe kwa upole. "Usimpige. Labda kwao Mbulu hawana kabisa, kawaonea huruma ndugu zake."

Huruma hiyo ndiyo iliyommaliza Katarina. Egidius hakumpiga. Alimfungia nguo zake kwenye shuka, akampeleka stendi, akampandisha gari la Mbulu. Mtoto alibaki, maana ni wa ukoo. Siku nne Paskasi alilia akikataa uji. Egidius naye aliumia, kwa kuwa alimpenda yule mwanamke, lakini mwizi ni mwizi. Mwezi uliofuata ng'ombe wa mahari wakarudishwa, ndoa ikawa imekwisha.

Jumatatu moja asubuhi, Egidius akifunga viatu aende kazini, mama yake alimjia na ndoo mbili tupu, nguo chafu za mtoto kwapani.

"Mwanangu, nichotee kwanza maji ya ziwani. Mgongo siku hizi hauniruhusu kwenda mwenyewe, na haya ya kisima nikifulia yatanimalizia sabuni bure."