Binti wa Margareta

Jioni hiyo tena Josiane alishindwa kumzamisha mtoto wa Margareta.

"Bado hajarudi kutoka baharini," alimwambia mama yake kwenye simu. "Margareta amekwenda tena kwa wakubwa wa mji kuuliza."

"Bon," mama akajibu. Sauti ilikuwa imemkauka. "Na wao wanasema nini?"

"Wanasema angoje."

Margareta mwenyewe alikufa karibu miaka mia nne iliyopita, huko Scotland, katika mji mdogo wa bandari. Josiane alikutana naye kazini. Chuo kimoja cha Buffalo kilimwajiri kunakili vitabu vya kale vya baraza la mji huo: nani kamwaga samadi njiani, nguruwe wa nani kaingia makaburini, nani kauza mkate mwepesi kuliko kipimo. Mwanzoni mama yake, aliyekuwa akiishi Louisville, alimcheka. Watu wameshaoza, nani anawalipa ninyi kuwasoma? Josiane akamweleza kwamba wafalme wana vitabu vyao tele, lakini mjane maskini haonekani popote duniani ila kwenye mstari ule mmoja aliouandika karani. Mama akaacha kucheka. Ofisi ya komini yao kule Kivu iliungua na rejista zote ndani.

"Sisi hata mustari moja hatuna," alisema, na tangu siku hiyo kila jioni alitaka habari za mji wake wa Scotland.

Ukweli ni kwamba Margareta alikuwa na mistari miwili tu. Mwanawe amezama, baraza limempa mjane makaa ya mawe ya kuotea moto. Basi. Mengine yote Josiane aliyatunga wiki hiyo, kwa sababu Jumatatu hospitali moja ya Columbus ilimpigia simu. Kaka yake Aganze, mtoto pekee wa kiume wa mama yao, alikuwa ameangukiwa na shehena ghalani alikokuwa akifanya kazi pamoja na vijana wengine wa Kivu. Hakupona. Namba ya Josiane ndiyo waliyoikuta kwenye pochi yake.

Hakumwambia mtu ila mumewe, Thobias. Mama alikuwa na presha, na kwao mtu hapewi habari ya msiba kwa simu. Unakwenda mwenyewe, unamkalisha, unamshika mikono, ndipo unafungua mdomo. Wangefika Louisville Jumamosi. Mpaka siku hiyo Margareta angetangulia, amzoeshe mama kidogo kidogo. Lakini kila Josiane alipofika kwenye kuzama, alimtuma Margareta tena kwa wakubwa wa mji.

Jambo moja tu lilimpa nafuu. Kwa kawaida mama angeshalalamika kwamba Aganze hapigi simu, kwamba Aganze ameoa ghala. Wiki hiyo hakumtaja hata mara moja, na Josiane alimshukuru Mungu.

Alhamisi mama aliuliza jambo jipya.

"Huyu Margareta, hakuwa na mutoto mwanamuke?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Angalia muzuri. Lazima alikuwa naye." Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, kisha mlango ukafungwa. "Ni batu ya chorale, wanafanya répétition ya nyimbo kwangu. Ulisha kula?"

"Nimekula."

"Kula tena. Na uache kusoma mambo ya kufa. Mwenye mimba hapashwe kuyasikia. Donc, angalia tu ule binti."

Josiane alikata simu, akalia kwa sauti, mkono mmoja tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mtoto alimpiga teke ubavuni. Thobias alitoka jikoni akakaa naye sakafuni.

Jumamosi waliondoka Buffalo alfajiri. Njia ya Louisville inapitia Columbus, hakuna pa kuikwepa. Majengo ya mji yalipojitokeza, Thobias alipunguza mwendo.

"Tusimame tumwone?"

"Pita," Josiane alisema. "Nikimwona kwanza, sitaweza kumtazama mama usoni."

Akageuzia uso upande wa pili. Mahali fulani nyuma ya vioo vile kaka yake alikuwa amelala kwenye jokofu, anangoja ndugu waje kumchukua. Alijiona mwoga, na alijichukia kwa hilo hadi walipoingia Louisville.

Mtaa wa mama, kule South End, ulikuwa umejaa magari. Thobias alilazimika kuegesha kwenye kona. Kwaya tena, Josiane akawaza, na hakukasirika. Afadhali wawepo wanawake wa kumshika mama akianguka.

Mama alifungua mlango mwenyewe, miguu mitupu, kitenge kimefungwa kiunoni. Sebuleni wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Wimbo ulikatika katikati. Hakuna aliyeinua macho. Mama Adolphine, mke wa mchungaji, ndiye pekee aliyesimama. Alileta kiti kutoka jikoni, akakiweka nyuma ya Josiane.

"Kaa kwanza, mwanangu."

Josiane akakaa, maana miguu ilikuwa imemvimba kwa safari. Mama akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Mambo yalikuwa yanakwenda kinyume. Yeye ndiye alipaswa kumkalisha mama. Lakini hakuwa na nguvu tena ya kungoja. Akapiga moyo konde.

"Mama, nimefika mwisho wa Margareta."

"Na mimi pia," mama akasema. "Nilimupata ule mutoto wake mwanamuke. Alikuwa na mimba, na tangu Jumanne sisi wote humu tunakosa mwenye kumuambia."