Vuta Kama Dubu Yuko Mlangoni

Marlys aliiweka bunduki ya marehemu mumewe juu ya meza yangu ya kazi. Kando yake akaweka risasi moja yenye mkwaruzo puani.

"Hii ndiyo iliyokwama dubu alipomjia," akasema. "Wenzake wa kuwinda wanasema kosa ni lake. Eti woga ulimzidi, hakuvuta komeo la kuingizia risasi hadi mwisho. Nataka kujua, shemeji."

Bunduki ile niliiunda mwenyewe. Kabla ya kumkabidhi mumewe, rafiki yangu, niliijaribu mara mia, hapahapa, kikombe cha kahawa kikiwa pembeni.

Nikaijaza risasi bandia. Nikavuta komeo, nikasukuma. Ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikateleza yenyewe.

"Haina tatizo," nikasema.

"Wee! Umetulia kama mtu anayekoroga kahawa. Vuta kama dubu yuko pale mlangoni."

Akageuka kuutazama mlango wa karakana. Alivyoukazia macho, na mimi nikageuka kuutazama.

Nikajaza upya. Nikavuta hadi mwisho kabisa, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ya kwanza ikaingia. Nikavuta tena, nikasukuma. Ya pili ikainua pua, ikagonga ukingo wa nyuma wa mtutu, ikakwama. Nilipoinama niliuona mkwaruzo, mpya, mahali palepale.

Marlys alikuwa bado anautazama mlango.

"Vipi, shemeji? Kosa ni lake, siyo?"

Kiganja changu kilikuwa kimeshaifunika ile risasi bandia iliyokwama.