Mbinu ya Nanii

"Niletee ile nanii," Bibi alisema, mkono wake ukichora duara hewani. "Ile... ya kunywea."

Mtoto aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kitu mkononi.

"Kikombe!"

"Enhe! Umejuaje?" Bibi akapiga makofi, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Mama mtu, aliyekuwa anavaa viatu mlangoni, hakucheka. Alikuwa mtangazaji wa redio, mwanamke anayekula kwa mdomo wake. Kutwa aliongea na watu asiowajua, na akirudi nyumbani koo limekauka, anazungumza na mwanawe kwa kope. Basi mtoto akakaribia umri wa chekechea na maneno yake yote yanaenea kiganjani. Majirani, watu wenye huruma sana, wakampa jina la Chiriku. Mwalimu wa chekechea naye alisema, kwa upole unaokera, kwamba atampokea maneno yakiongezeka.

Si kwamba Mama alikaa tu. Alinunua kadi za picha, akazibandika ukutani: tembo, meli, nyota yenye mkia, vitu ambavyo mtoto hukutana navyo kila siku kati ya sebule na choo. Chiriku alizitazama, kisha akazibandua moja moja. Ndipo Mama akamleta mama yake mzazi aje kukaa nao, angalau amsemeshe mtoto.

Bibi akaja, na neno lake moja. Mlango nanii, sufuria nanii, jirani nanii. Hata binti aliyemzaa mwenyewe, akiaga asubuhi, alijibiwa, "Haya, nanii, kazi njema." Mama aliwalalamikia wenzake kazini kwamba ameruka majivu, amekanyaga moto: sasa mtoto ataingia shule na neno moja tu, tena lisilo na maana.

Lakini maneno yakaanza kumwagika. Kijiko, ufagio, kitasa, beseni. Kumbe Bibi, kwa kuwa hakutaja kitu, alikieleza kilivyo na kazi yake, akangoja, na mtoto ndiye aliyekitafutia jina. Wakienda dukani, alimwachia Chiriku aongoze: tunakata kona wapi, geti letu la rangi gani. Nyumbani walicheza kufichiana vitu, na Bibi alificha kwa ufundi. Siku kandambili zake zilipopatikana ndani ya friji, Chiriku alitaja friji, kandambili na baridi kwa pumzi moja. Mwalimu wa chekechea akamsikiliza upya, akamwandikisha hapohapo.

Mama naye akagundua kwamba yeye alikuwa anaijua mbinu hiyo tangu mwanzo. Akaipa jina, Mbinu ya Nanii, akaipeleka hewani. Aliwaambia wazazi kwamba kumtajia mtoto kila kitu ni kumtafunia chakula. Mfichie neno, alitafute mwenyewe. Simu za shukrani zikamiminika. Mtaa mzima, watu wazima na akili zao wakawa wanajifanya hawajui kijiko kinaitwaje. Kila aliposifiwa, Mama alijibu kwa unyenyekevu uliosikika hadi mikoani kwamba hii ni hazina ya wazee, na yeye mwenyewe alilelewa hivihivi. Uongo mtupu. Utotoni mwake Bibi huyohuyo alimtajia kila kitu kwa jina, hadi magugu ya uani. Lakini nani angepiga simu kubisha?

Kilichobaki ni Bibi mwenyewe asikike redioni. Mama alilitangaza jambo hilo mpaka wasikilizaji wakachoka kungoja, na siku ya kipindi akaja mchana kumchukua. Kwanza alitaka kurekodi mchezo wenyewe, wachezaji wasijue, maana watu wakijua wanarekodiwa huharibu. Akavua viatu, akanyata hadi mlango wa sebule uliokuwa wazi kidogo, akainyoosha simu yake.

Ndani, Bibi na Chiriku walikuwa wamekaa sakafuni, wameishika picha ya Mama waliyoiteremsha ukutani.

"Na huyu nanii?" Bibi aliuliza. Hakuwa anacheka. "Huyu anayekuja jioni na mkoba."

"Mama."

"Mama. Mama yangu?"

"Hapana, Bibi. Si nilikwambia jana?" Chiriku alimshika kidevu, akamgeuza taratibu mpaka wakatazamana. "Huyu mtoto wako. Sema: mtoto wangu."

"Mtoto wangu," Bibi akasema.

"Enhe!" Chiriku akapiga makofi. "Umejuaje?"